Rangi ya Baada ya Alasiri

“Leo tena umepaka?”

Najiat alikuwa ameinama akimimina chai. Hakuinua uso. Alimsogezea Idrisa kikombe taratibu kuliko kawaida, kisha akaiacha mikono yake pale mezani, vidole vimekunjuka, kama mtu anayesubiri kuulizwa jambo jingine.

“Nimepaka. Hii mpya, shoga yangu Tatu kaileta saluni kwake juzi. Imetiwa mafuta ya mlonge, inalisha kucha.”

“Kucha nazo zinakula?”

“Zikishindishwa njaa muda mrefu, zinakula.”

“Na ile ya wiki iliyopita?”

“Ile ilikuwa ya parachichi. Ilinikataa, ikabanduka. Kabla yake nilijaribu ya mwani.”

“Na udhu je?”

“Naitoa kabla ya kutawadha. Swala yangu niachie mimi na Mola wangu.”

Idrisa alikisukuma kikombe, chai ikamwagika kwenye kitambaa.

“Mwanamke wa eda wewe! Mama yangu alikaa eda hana wanja, hana mafuta ya kunukia, kajitanda kaniki mpaka siku ya mwisho. Wewe umo ndani ya eda yangu unajaribu rangi za kucha kama biharusi!”

Najiat akasema kwa sauti ndogo:

“Mama alifiwa, Idrisa. Mimi nimefiwa?”

Idrisa akaliona neno hilo kuwa dhihaka. Akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Idrisa alikuwa fundi seremala pale Kanyenye, na vitanda vyake vya mninga vilitafutwa hata na watu wa Nzega. Alikuwa mtu wa kazi nzuri na ulimi mbaya. Kazi zilipomzidi, Najiat ndiye aliyekaa karakanani kupiga msasa na kupaka vanishi, akashinda nayo vidoleni mchana kutwa. Vitanda vikang'aa. Kucha zake zikalainika, zikapasuka, zikawa zinachanika kama ganda la kitunguu.

Siku moja, kabla ya eda hiyo, kulikuwa na harusi kwa jirani. Idrisa alipeleka viti, akawakuta wanawake uani wakipakana hina. Zamu ilikuwa imemfikia mkewe. Akatania kwa sauti:

“Huyo mrukeni! Kucha za mpiga tofali hizo, hina itashika wapi?”

Uani kote kicheko. Najiat aliirudisha mikono yake chini ya khanga, na haikutoka tena mpaka harusi ikaisha.

Walipofika nyumbani alimuuliza, “Kucha hizi zimeharibikia wapi, mume wangu? Kwenye vitanda vya nani?” Neno likazaa neno. Idrisa, kwa kuona anasutwa nyumbani mwake, akatamka talaka moja.

Talaka moja haifungi mlango kwa komeo. Mume akisema tu “nimekurejea” kabla eda haijaisha, ndoa inasimama palepale, bila posa wala mahari. Idrisa alilijua hilo. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Najiat akabaki ndani ya nyumba, kama sheria inavyotaka, na yeye akahamia karakanani. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikwenda nyumbani kuacha matumizi na kunywa chai. Alikuwa anasubiri kuombwa radhi. Badala ya radhi, akawa anaona rangi.

Alimweleza Awadhi, mwenzake wa karakanani.

“Kaka, wewe mtoto mdogo?” Awadhi alimcheka. “Mwanamke kaachwa, halafu anajipamba? Huyo ana mtu. Anahesabu siku tu atoke.”

“Unadhani hivyo?”

“Sidhani. Nakwambia. Ungekuwa wewe ndiye unayependwa, angekuwa analia, si anapulizia kucha zikauke.”

Maneno hayo yalimkaa Idrisa rohoni. Tangu siku hiyo akawa anakunywa chai akitazama ukuta. Najiat akisema “Leo nimejaribu nyingine,” anajibu “Hongera.” Akisema “Zimeanza kupona, hazichaniki tena,” anajibu “Wenye kuziona watafurahi.”

“Wewe huzioni?”

“Mimi naona chai imepoa.”

Jumatano moja alifika akakuta bajaji mlangoni. Shomari, kaka yake Najiat mwenye duka la nafaka Igalula, alikuwa anapakia masanduku.

“Assalamu alaikum, shemeji. Safari ya wapi?”

“Waalaikumu ssalamu,” Shomari alijibu bila kusimama. “Muulize mwenyewe.”

Najiat alitoka amejitanda mpaka kidevuni, mikono imo ndani.

“Eda yangu imeisha leo alfajiri. Nimeoga, nimeswali. Chai iko kwenye chupa.”

“Imeisha? Na hukuniambia?”

“Nilikwambia kila siku.”

“Uliniambia lini? Najiat! Hebu ngoja kwanza, tukae ndani tuongee.”

“Siwezi kukaa nawe chumbani, Idrisa. Mimi si mkeo. Naomba unisitiri.”

Bajaji ikaondoka kuelekea stesheni. Idrisa alisimama na hela ya matumizi mkononi, hana wa kumpa.

Jioni ile alipiga simu mara nyingi, haikupokewa. Mwishoni ukaingia ujumbe:

“Usinipigie. Watu watasema. Kama una neno, kaka Shomari yupo.”

Kesho yake alivamia saluni ya Tatu, iliyokuwa karibu na soko. Tatu alikuwa peke yake, anapanga vichupa vyake rafuni.

“Niambie jina lake,” Idrisa alisema.

“Kwanza mtu husalimia. Jina la nani?”

“Huyo mwanamume. Yule ambaye ulikuwa unampaka rafiki yako rangi ili yeye azione.”

Tatu alimwangalia, akaangua kicheko, halafu akaacha alipoona mwenzake hatanii.

“Shemeji, wewe kweli hukujua?”

“Nijue nini?”

“Kaa hapo. Najiat alikuwa anakuja hapa kuchukua vichupa, hakuna hata siku moja niliyompaka mimi. Alikuwa anapaka mwenyewe nyumbani. Anaswali alasiri, anapaka. Ikikaribia magharibi anaitoa, anatawadha, anaswali. Kila siku. Nikamwambia, shoga, si upake mara moja kwa wiki kama watu wengine, unajichosha? Akasema, yangu mimi si ya watu. Sasa nikuulize wewe fundi wa vipimo: kati ya alasiri na magharibi, nani alikuwa anaingia nyumba ile?”

Idrisa akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Somo yake, yule kungwi wake, ndiye aliyemfundisha. Alimwambia, hujafiwa wewe, mume yu hai na mlango u wazi. Jipambe akuone, huenda moyo ukamrudi. Na kwa kuwa ulimuaibisha kwa kucha mbele za watu, akasema ataanzia kwenye kucha. Alitafuta zenye virutubisho ili zipone kweli, usije ukasema kafunika kidonda kwa rangi. Zilizomwasha alivumilia. Zilizobanduka akarudi kuchukua nyingine.”

“Si angesema?”

“Aseme nini? Nirudie? Mwanamke mwenye kwao huyo, Idrisa. Alishasema kwa mikono.”

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Shehe Abdulatifu, akamkuta kibarazani. Alitumaini Tatu ameongeza chumvi.

“Shikamoo shehe. Mwanamke wa eda anajipamba?”

“Marahaba. Eda ipi? Ya kufiwa, hapana. Ya talaka rejea, na ajipambe kwa mumewe, nani kamkataza? Huyo bado ni mke. Kwani yuko wapi, mwanangu?”

“Kwao.”

“Eda imeisha?”

“Jana.”

Shehe alivuta tasbihi yake.

“Basi sasa ni posa, mahari, na ridhaa yake. Neno lako peke yako halitoshi tena. Juzi lingetosha.”

Juzi! Juzi Idrisa alikuwa amekaa meza moja naye, anatazama ukuta.

Alipanda treni akashuka Igalula, na kanzu yake ya Ijumaa. Shomari alimpokea bila maneno mengi, akamwekea kiti ukumbini, mlango wazi, naye akakaa kizingitini. Najiat akaja kukaa mkekani upande wa pili. Alikuwa amejitanda, mikono haionekani.

“Nimekuja kuposa,” Idrisa alisema. “Mahari taja wewe. Na karakanani hutaingia tena. Nilikosea, Najiat. Nilidhani eda zote ni moja, nikasikiliza na maneno ya watu. Tatu kanieleza. Nimejua sasa kwamba ulikuwa unapaka kwa ajili yangu.”

“Umeelezwa na Tatu.”

“Ndiyo. Kila siku baada ya alasiri, kwa ajili yangu mimi. Nimelia kwenye treni, watu wananiona.”

Najiat aliivuta khanga yake juu ya mikono. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Idrisa.

“Sitaki mahari. Nina swali moja. Ukilijibu, kaka yangu huyo hapo, aite shehe leo hii.”

“Uliza.”

“Nitajie rangi moja.”

“Rangi?”

“Katika zote nilizopaka. Moja tu, Idrisa, uliyoiona.”

Idrisa alifumba macho. Aliiona meza. Aliuona mvuke wa chai, na vidole vimekunjuka vinasubiri. Alizikumbuka hasira zake moja baada ya nyingine, alikumbuka kila neno alilomjibu. Kucha akaziona zimepakwa, zinang'aa. Rangi haikuja.

“Nyekundu,” alisema hatimaye.

Shomari pale kizingitini aliinamisha kichwa.

“Nyekundu sikupaka hata siku moja.”

Najiat aliinuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na kikombe juu ya kisahani. Alikishika kupitia upindo wa khanga, akakiweka mbele yake bila kuonyesha hata ncha ya kidole.

“Kunywa chai, kaka Idrisa,” alisema. “Treni ya kurudi isikuache.”