Picha za Seremala

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mpiga picha mmoja, ambaye watu walimwita Tabasamu, alifungua folda ya picha za mzee seremala, akaguna kama aliyekanyaga msumari. Picha zote mia moja themanini na sita zilikuwa zimesinyaa. Ukiikuza moja, uso wa mzee unavurugika kuwa madoa.

Mzee alifariki Alhamisi. Hizo, za sherehe yake ya kustaafu, ndizo zilikuwa picha zake za mwisho, na saa tano binti yake muuguzi angekuja kuchukua moja kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Kadi ya kamera ilikwisha kufutwa.

Tabasamu alimpigia simu mama yake, karani wa stoo ya hospitali, mwanamke asiyepotelewa hata na glavu moja. Mama alifika bado anahema, akaketi mbele ya kompyuta.

"Kila kilichoguswa huacha saa yake," alisema. "Tazama. Zote zimebadilishwa Jumapili, kati ya saa tisa na dakika kumi na mbili na saa tisa na robo. Nani hugusa mashine hii?"

"Kinyozi wa mlango wa pili huja kuweka muziki."

Kinyozi aliitwa, akaja na kitana mkononi.

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Mama, Jumapili nina foleni ya vichwa mpaka nje! Hata maji sinywi. Na huyu mwanao siku hiyo hujifungia humu. Ukigonga, anakujibu mwenyewe kwamba hayupo."

Akafuata mke wa Tabasamu, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakumtazama mkwewe usoni.

"Mwanangu, umeigusa kompyuta hii?"

"Jumamosi, mama. Saa tano asubuhi."

Tabasamu aliruka. "Si nilikukataza? Kumbe mchwa namfuga nyumbani!"

"Kaa chini," Mama alisema. "Nimeuliza Jumapili, si Jumamosi. Ufunguo wa hapa Jumapili alikuwa nao nani?"

"Mimi," Tabasamu alijibu.

"Ukifanya nini?"

"Nilipunguza ukubwa wa picha ili niwatumie ndugu za mzee kwa simu. Lakini kwenye nakala, mama! Zile halisi sikuzigusa."

"Nakala iko wapi?"

Alionyesha folda ndogo kwenye kona ya skrini.

"Haya, humo kwenye nakala, geuza picha moja kichwa chini miguu juu. Hifadhi. Sasa fungua ile halisi."

Tabasamu alifungua. Mzee seremala alikuwa amesimama kwa kichwa.

"Hukunakili kitu," Mama alisema. "Ulitengeneza njia ya mkato, mlango wa pili wa chumba kilekile. Ukaingia, ukavunja vyombo vyako ukidhani ni vya jirani. Mhalifu ni wewe, baba."

Tabasamu alishika kichwa. "Nitamwambia nini yule dada?"

Mkewe alikohoa, akatoa flashi kwenye pochi. "Mtanigombeza baadaye. Magauni ya mabinti wa mzee nilishona mimi, nikataka wateja wangu waone mishono. Kwa kuwa ulinikataza, Jumamosi nikazichukua zote kimyakimya."

"Basi mharibifu kaokolewa na mwizi," Mama alisema. "Chomeka."

Picha zilifunguka, kubwa na safi. Nyusi nyeupe za mzee zilihesabika unywele mmoja mmoja. Tabasamu alishusha pumzi kama aliyetua gunia la saruji, akamgeukia mkewe. "Nisamehe. Mchwa ni mimi."

"Omba radhi huku unanakili," Mama alisema. "Nakala ya kweli. Kisha ipindue, nione kama ile halisi itapinduka."

Haikupinduka.

Saa tano kamili muuguzi aliingia, akaipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Tai nilimfunga mimi," alisema. "Imekaa upande."

"Naweza kuinyoosha, dakika moja tu—"

"Usiguse!" Mama na mkwewe walipaza sauti kwa pamoja.

Muuguzi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Iacheni hivyohivyo," alisema. "Baba hakuwahi kuvaa tai ikanyooka."