Swali Ambalo Mshenga Hakuuliza

Caren huuza mboga Silanga, mtaani Kibera. Asubuhi hiyo alikuwa akikata sukuma wiki kwa hasira. Ilitoka nyembamba sana, na wateja walifurahi. Binti yake Hope alikuwa amemtaja mwanaume anayetaka kumwoa.

"Walubengo? Mbukusu?" Caren aliuliza. "Kwani Wajaluo wameisha Kibera?"

"Mum, ni fundi wa welding huko Kawangware. Anachapa kazi, na tunapendana."

"Mimi na baba yako tulichunguzwa! Mshenga alizunguka kijijini miezi mitatu. Hakupata mwizi, hakupata mchawi. Nataka mtu wa ukoo tunaoujua."

Jirani yao Kasyoka, mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa akichagua nyanya.

"Mama Hope, huyo mshenga aliuliza kuhusu damu?"

"Damu gani?"

"Kama ya Billy."

Caren aliweka kisu chini. Billy, kifungua mimba wake, alifariki akiwa na miaka sita, kwa ugonjwa wa damu wa selimundu, yaani sickle cell. Mawifi walisema Caren ndiye aliyeleta laana.

"Si laana," Kasyoka alisema kwa upole. "Mtoto huugua akirithi kasoro ya damu kwa baba na kwa mama pia. Nyinyi wawili mliibeba bila kuugua. Ukoo mzuri hauizuii. Iko sana upande wetu wa Ziwa Victoria, na Western kwa kina Walubengo pia. Hope na Walubengo wapimwe kabla ya harusi."

"Na wakipatikana nayo wote?"

"Kila mimba, nafasi ni moja kwa nne mtoto awe mgonjwa. Watashauriwa, kisha waamue wenyewe."

Walipimwa. Hope alipatikana ameibeba. Caren alishindwa hata kula akisubiri majibu ya Walubengo. Siku mbili baadaye Walubengo alifika kibandani, karatasi mkononi.

"Mama, mimi sina."

Kasyoka aliisoma. "Watoto wenu hawataugua selimundu. Wengine wanaweza kuibeba tu, nao wapimwe."

Caren aliketi juu ya kreti, akacheka huku akilia. Alikuwa amebeba lawama miaka kumi na tisa. Sasa moyo ulikuwa mwepesi.

"Walubengo, unakula samaki?"

"Hadi kichwa, mama."

"Basi waambie wazee wenu waje."

Siku ya posa, wifi mkubwa alianza kuuliza mambo ya ukoo.

"Ngoja, wifi," Caren alisema. "Kwanza nikueleze kilichomuua Billy."

Safari hii wifi alisikiliza hadi mwisho.