Mgongo wa Maseremala

Jamani, haya yametokea kwenye nyumba ya watu wema, ndiyo maana nayasema kwa uchungu.

Karakana ya ndugu wawili ilikuwa nyuma ya nyumba waliyoachiwa na baba yao. Asubuhi ilinukia gundi na mbao mbichi. Mkubwa watu walizoea kumwita Randa, kwa kuwa ubao haukutoka mikononi mwake mpaka ulainike. Mdogo wake alikuwa bingwa wa milango na wa utani.

"Kaka, meza hii inanuna kuliko shemeji yangu."

"Nitamfikishia salamu," Randa akamjibu, wakacheka.

Mdogo mtu akainua fremu ya mlango, akairudisha chini na kujishika kiuno. "Mgongo umeanza. Nadhani ni huu wetu wa ukoo."

Randa akajifanya anatafuta penseli.

Katika ukoo ule wanaume hawakufa kwa kitu kingine. Baba yao alikufa kwa mgongo, baba yao mdogo pia. Lawama zote zilibebeshwa mbao nzito. Hakuna aliyejiuliza mbona maseremala wengine, wenye kubeba mbao zile zile, wanazeeka wamesimama wima.

Randa alijua. Mwaka uliotangulia alikwenda hospitali kwa shida ya mkojo, akakutwa na saratani ya tezi dume. Walipompima vinasaba pia, daktari alimketisha akamweleza.

"Mwilini mna mafundi wadogo wanaorekebisha hitilafu za seli. Maelekezo ya kazi yao tunayarithi kwa wazazi. Yako yana kasoro, kwa hiyo hitilafu zinabaki na saratani inapata mwanya. Hii ya tezi dume ikienea huingia kwenye mifupa, mtu akadhani ni mgongo tu. Si lazima ndugu zako wawe nayo, lakini wapimwe. Mdogo wako asichelewe. Na wanawake wa ukoo pia, maana kasoro hii inaweza kuwaletea saratani ya matiti."

"Nitawaambia, daktari."

Alitibiwa, akapata nafuu. Nyumbani akasema ametibiwa mgongo. Kila alipotaka kufungua mdomo aliwasikia watu kichwani mwake wakinong'ona kwamba Randa siku hizi si mwanamume kamili. Aibu ikamfunga kinywa.

Sasa mdogo wake anaumwa mbele yake, naye afanye nini? Akanunua dawa ya kuchua. Jioni akamlaza juu ya benchi la kazi na kumchua taratibu, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mungu akubariki, kaka," mgonjwa akasema.

Randa alijichukia, lakini akaendelea kuchua.

Miezi ikapita hivyo, mpaka mdogo mtu akashindwa kuinuka kitandani. Hospitalini wakakuta saratani imetoka kwenye tezi dume na kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Daktari akauliza kama kuna mwanamume wa kwao aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

"Hapana," mgonjwa akajibu. "Sisi ni mgongo tu."

Randa alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Mimi," akasema. "Niliugua mimi."

"Lini?"

"Kabla mgongo wako haujaanza."

Mdogo wake akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo ulikuwa unanichua huku unajua?"

Randa akaitikia kwa kichwa. Alitamani apigwe, atukanwe, lolote lile.

"Waambie wanangu," mgonjwa akasema. "Wewe mwenyewe, na uutaje ugonjwa kwa jina lake."

Mdogo mtu hakupona. Baada ya maziko Randa aliwakusanya watoto wa marehemu sebuleni, akauita ugonjwa kwa jina lake na kueleza yote bila kujitetea. Walipokwenda kupimwa, binti mkubwa alikutwa na kasoro ile ile. Hakuwa na saratani, na sasa anafuatiliwa na madaktari.

Alipotoka kupewa majibu, alimkuta Randa akimsubiri kwenye benchi la nje.

"Baba mkubwa, baba angejua mapema kama mimi, angepona?"

"Pengine angepona," Randa akasema, na hakuweza kumtazama usoni.

FUNZO

Ndugu zangu, kuugua saratani ya tezi dume si fedheha, wala hakumpunguzii mtu uanaume wake. Kama saratani imeshapita kwenye ukoo wenu, ulizeni, semeni, mkapimwe mapema, wanaume kwa wanawake. Kurithi kasoro si kosa la mtu. Kuijua ukawanyima habari watu wa damu yako ni kosa, na ukishamzika ndugu yako hutapata wa kumwomba msamaha.