Rahabu Aliambiwa Apumzike

Ndugu zangu, katika kijiji kimoja cha Iramba, asubuhi za Hezekia na mkewe Rahabu zilikuwa tamu. Mama huyo alikuwa akikaa mlangoni na ungo wake akichagua mbegu za mtama. Hata majirani walimletea zao, maana hakosei.

Kisha macho yakaingia ukungu. Rahabu wala hakujali. Alipapasa punje kwa vidole, iliyobunguliwa akawatupia kuku, huku soga zinaendelea.

"Editha, hizi umezitoa ghalani au kwenye shimo la panya?" akamtania jirani yake.

"Mama Simeoni, unanitukana mbele za watu!" Wakacheka wote.

Hezekia hakucheka. Kilabuni wenzake walikuwa wamemtania kwamba anamtumikisha kipofu. Akauchukua ungo, akaufungia stoo.

"Pumzika, mama Simeoni. Kazi umefanya ya kutosha."

"Macho ndiyo yanaumwa, baba Simeoni. Kichwa changu kizima. Nipe ungo wangu."

Hakumpa. Wanawake wakija, anawaambia mama amelala.

Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa madaktari wa macho wanakuja, jina la Rahabu limeshaandikwa. Hao ndio wakubwa wetu! Madaktari walikuja kweli, wakaishia kata ya jirani, na hakuna aliyempa taarifa. Miaka miwili Hezekia alishinda akiwalaani, na basi la kwenda hospitali Kiomboi linapita barabarani kila siku. Nyumbani, Rahabu ameegemea ukuta. Kwanza aliacha kuuliza habari za majirani. Baadaye akawa anamwita mama yake, aliyekufa zamani.

Mwishowe mtoto wao Simeoni akaja, akampeleka hospitali. Mtoto wa jicho akatolewa. Bandeji ilipofunguliwa, Hezekia alisogea karibu, machozi yanamtiririka. Rahabu akamtazama kuanzia mvi mpaka viatu. Anaona!

"Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu. "Umekuja kumwona nani?"

Hakumtambua tena. Akazidi kudhoofika, na kabla ya mavuno wakamzika.

FUNZO

Wakubwa wana lawama yao, siwasamehe. Lakini mtu wako akianza kupungukiwa macho, usikae kungoja kutangaziwa. Mpeleke hospitali mapema. Na mwachie kazi anayoiweza, mwachie na watu wa kupiga nao soga, maana akili nayo hudhoofika ikikosa shughuli. Hezekia leo ana mengi ya kumwambia mkewe. Anayaongea peke yake.