Matete ya Dirishani

Asubuhi ile Paskalina alifungua duka akakuta mdoli wa dirishani amelowa miguu. Mvua haikunyesha, na bomba hapo Mbulu mjini halikutoa maji tangu juzi. Akafuta, akaendelea kupanga nguo. Mtu aliye kwenye majaribio ya kazi hana maswali.

Kupamba maduka ndiyo kazi aliyoililia tangu shuleni, akijifunza kwenye simu. Sasa bosi wake, Mama Genoveva, alikuwa amemwambia kavukavu, "Watu wasipoingia kabla ya siku ya soko la mnada, rudi kwenu Nambis ukalime." Ndipo, siku moja kabla ya asubuhi ile, alipokata matete ya chemchemi ya kwao, ambayo hayaguswi mpaka wazee wamwage pombe ya asali na kuomba, akayapanga nyuma ya mdoli.

Na watu waliingia, tena kwa kusukumana! Wote walitaka gauni alilovaa mdoli. Paskalina alifurahi mno. Lakini harufu ya tope ilizidi, na kila alipolipa dirisha mgongo kumhudumia mteja alisikia matone, mpaka adhuhuri moja, duka limefurika, akamwona mdoli amegeuza shingo, ameacha kutazama barabara, anamtazama yeye, na maji yanamtoka mdomoni yakitiririkia gauni jipya, na wateja wanalipapasa gauni hilohilo wakisema zuri, zuri, kana kwamba hawaoni kitu.

Alikimbilia kwa Mzee Nicodemo, mganga wa Nambis.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Mzee akashusha sauti. "Umekata bila kuomba. Mwenye chemchemi ameyafuata matete yake. Yarudishe, halafu usipande tena kwenye dirisha lile."

"Babu, dirisha ndiyo kazi yangu. Nikikosa hii nitafanya nini?"

"Utalima. Si watu wanalima?"

Aliyarudisha matete akilia. Kesho yake duka lilikuwa kavu, mdoli anatazama barabara. Mama Genoveva akampa gauni jekundu. "Vaa. Kazi ni yako. Haya, nipambie dirisha la mnada."

Kazi ni yako! Maneno hayo aliyasubiri miaka. Sikio la kufa halisikii dawa. Paskalina alivaa, akamwondoa mdoli akamsimamisha kaunta, akapanda dirishani.

Alipotaka kushuka, miguu ilikataa. Ilikuwa baridi, imelowa, na baridi ikapanda kiunoni, kifuani, shingoni, mpaka ulimi. Nje mama mmoja alisimama, akaingia.

"Hilo gauni alilovaa mdoli ni bei gani?"

Paskalina alipiga kelele, sauti isitoke. Nyuma yake, pale kaunta, sauti yake mwenyewe ikajibu kwa upole, "Karibu, mama. Tunaweza kupatana."