Tawi la Kona ya Clairwood

Kila fundi niliyempelekea pikipiki yangu aliikataa. Imraan, fundi wa Greyville aliyezaliwa hapahapa Durban, hakutaka hata kuigusa.

"Eish, brother, hii iko mzee kuliko mimi. Vipuri hakuna. Sishiki."

Nikasema liwalo na liwe. Nikajifunza mwenyewe kufungua kabureta, kukata gasketi kwa kadibodi, kubana cheni. Mke wangu Constance alikuwa na mimba kubwa, na pale tulipopanga, Clairwood, taksi za Jumapili jioni ni za kubahatisha. Siku ya uchungu ikifika tungetegemea nini? Ilikuwa lazima pikipiki itembee.

Jioni moja ya mwaka 2011 nilikuwa naenda kumchukua Constance saluni kwake, Greyville. Injini ikanifia kwenye kona mbaya, pale malori ya kontena yanapokata. Kwetu Uvira, Kongo, gari likikufia barabarani unavunja matawi, unayaweka nyuma ili wenzako wakuone. Ukingoni mwa barabara palikuwa na tawi moja limelazwa kwenye nyasi. Bichi, lenye miiba. Ng'ambo, mama mzee mwenye blanketi mabegani alikuwa amenipa mgongo, akiongea na dereva wa taksi.

Nikalichukua.

Nikaliweka nyuma ya pikipiki. Nikafungua plagi, nikaifuta masizi, nikairudisha. Kiki moja tu... ikanguruma. Haikuwahi kunifanyia hisani hiyo. Kwa furaha nikalifunga lile tawi kwenye siti ya nyuma, maana lingenifaa tena. Yule mama akageuka, akaanza kunikimbilia akipiga kelele kwa Kizulu. Nikadhani anaomba lifti. Nikaondoka.

Mbele kidogo, siti ya nyuma ikabonyea.

Ikaja harufu ya udongo uliolowa... kisha ya damu. Nikasimama kwenye robot, taa za barabarani. Pumzi baridi ikanigusa shingoni, na sauti ya kiume ikaninong'oneza.

"Asambe."

Kizulu changu ni cha kununulia mkate, lakini neno hilo nalijua. Twende. Niliogopa, sikuthubutu kugeuka.

Constance alinikuta mlangoni pa saluni, akatazama nyuma yangu, akakunja uso.

"Papa, huyu kijana ashuke kwanza. Miye nitaikala wapi?"

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Imraan, ambaye gereji yake iko jirani, alitoka akifuta mikono. Alipoona tawi, akasimama mbali.

"Nani alikupa hii?"

"Nimeokota kwenye kona."

"Watu wa hapa, mtu wao akifia barabarani, wanaenda pale na tawi kama hili. Wanamwita jina, analifuata, wanamrudisha nyumbani." Akashusha sauti. "Wewe umembeba mtoto wa watu. Usilitupe. Usilichome. Mtafute mwenye tawi."

Nilirudi kwenye ile kona jioni ileile. Mama hayupo, taksi haipo. Nikaulizia siku nyingi, hakuna aliyemjua. Maji yakimwagika hayazoleki. Tawi likabaki kwenye siti, halikunyauka, na pikipiki ikaanza kuwaka kabla sijaigusa.

Uchungu ulimshika Constance Jumapili jioni, mvua inanyesha. Taksi hakuna. Marafiki wenye magari hawakupokea simu. Constance alikuwa ameapa kutopanda tena ile pikipiki. Akapanda akilia.

Niliendesha polepole. Mikono ikanizunguka kiunoni, ikakaza mpaka mbavu zikauma.

"Constance, legeza kidogo."

"Papa..." alinong'ona. "Mikono yangu iko kwa tumbo."

Kwenye njia ya kuingilia hospitali nikavuta usukani. Ukakataa. Nikakanyaga breki, haikushika. Tukapita. Tukapanda vilima nisivyovijua, Constance akiomba kwa jina la Yesu, hadi injini ikazimika yenyewe mbele ya geti. Yule mama alikuwa amesimama pale mvuani na blanketi lake, kana kwamba aliambiwa tunakuja.

Mtoto alizaliwa sakafuni kwake. Wa kiume. Hakulia. Tukampiga mgongoni, tukampulizia mdomoni. Kimya. Constance alinitazama.

Mama akatoka nje. Akalifungua tawi, akarudi nalo hadi kizingitini, akaongea nalo taratibu kama mtu anayemwamsha mwanawe.

"Bhekani, ngena."

Alimwita mwanawe kwa jina: ingia.

Mtoto akalia.

Pikipiki haikuwaka tena, na sijaigusa. Mtoto tulimbatiza Prodige. Sasa ana miaka mitatu. Ukimwita hivyo, hageuki. Mwite Bhekani.