Lengo Namba Moja

Nassra alikuwa akibishana na muuza samaki wa Darajani juu ya bei ya kichwa cha jodari, baibui limefunguka vifungo viwili kwa joto na sare nyeupe ya unesi inachungulia, pale mtu wa vespa alipomkwapua mkoba. Mkanda ulimchuna bega. Kabla hajapiga ukelele, mwanamme mmoja mrefu, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi, alilirusha fenesi zima alilolibeba, likamkuta kibaka kifuani. Vespa ikaenda upande wake na mwenyewe upande wake.

Lau mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini yule bwana alimfuata kibaka pale chini akaanza kumpiga ngumi za uso, moja moja, bila ya kutukana wala haraka, na watu wakakusanyika na magongo na mawe ya mizani. Jino likaruka. Damu ikachanganyika na maji ya barafu yaliyokuwa yakitiririka kwenye meza za samaki. Nassra alikuwa ameizoea damu, ila hii ilimtisha, kwa sababu aliyekuwa akipiga ndiye aliyekuwa akilia.

"Basi," akamwambia, akaukamata mkono uliokuwa juu. "Mkoba wangu nshaupata. Huyu unampigia nini tena?"

Mkono ukashuka. Kisha yule mwanamme akasimama baina ya kibaka na watu wenye magongo, akasema atakayetaka kumgusa aanze na yeye. Mmoja akaanza na yeye kweli, akampiga gongo la bega. Hakulijibu.

"Vidole vyako vimepasuka," alisema Nassra. "Twende zahanati nikakushone."

"Na fenesi langu?"

"Fenesi lishapata wenyewe. Twende."

Jina lake Talib. Alishonwa nyuzi tano bila ya kukunja uso, na uzi ulipokatwa akaomba namba ya simu. Keshoye, saa sita kasorobo, simu ikalia.

"Bi Nassra, nnauliza, kidonda kinaruhusiwa kula biriani?"

"Kidonda hakili. Anakula mwenye kidonda. Unataka nini, Talib?"

"Sauti yako tu. Nshaipata. Kwaheri."

Ikawa ndiyo desturi. Kila siku kabla ya adhuhuri alipiga, hata wenzake Nassra pale zahanati wakawa wanamsogezea simu saa ikikaribia, na yeye anajifanya hajui kwa nini. Alishikika, masikini, na wala hakujitahidi kujinasua.

Talib alikuwa mtu wa kompyuta. Alikodi chumba cha kazi Vuga, ghorofa ya kwanza, akiandikia mahoteli ya Kendwa programu za kupokelea wageni. Siku Nassra alipopita kumtembelea, mlango ukaachwa wazi kama heshima inavyotaka, na Talib akatoka kwenda kuchukua chai. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tupu, na maandishi meupe juu yake.

"Kompyuta gani hii?" alimcheka aliporudi. "Wenzio wana picha na rangi, wewe umekaa kizani."

"Hii programu yangu mwenyewe. Nimeiita *nia*. Haina kitufe, unaiandikia amri na yenyewe inakujibu." Aliandika *nia leo*, akabonyeza, na orodha ikashuka. "Kila alfajiri inaniuliza lengo moja moja: leo, au kesho? La jana haliingii leo peke yake. Ni kama saumu, nia yake huiweki mara moja ukamaliza mwezi. Nikisema kesho, limeahirishwa. Nikilitimiza naliwekea alama, na likishawekewa alama haliulizwi tena."

Nassra alikuwa akimsikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye orodha. Namba mbili ilisema: *Mpigie Nassra kabla ya adhuhuri.* Ilikuwa ya kila siku, ya leo ina alama tayari, na ilimchekesha. Namba moja ilisema: *Mvunje mkono Nahodha.*

"Nahodha nani?"

Talib aliiweka chai chini. "Alikuwa mume wa dada yangu, Tahiya. Alimpiga mpaka sikio moja likafa. Nilifika hospitali, dada akanambia kwa sauti kubwa, kama mimi ndiye nisiyesikia, kuwa kaanguka bafuni."

"Lifute hilo lengo."

"Nikilifuta litarudi kichwani, na kichwani hakuna anayeniuliza leo au kesho. Hapa naulizwa. Siku mia sita na kumi na moja sasa, kila alfajiri nasema kesho."

"Na siku ya Darajani?"

"Siku ile nilikuwa nampiga Nahodha. Yule kibaka alikaa mahala pake tu."

Nassra alimpenda, na alimuogopa, na vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja. "Nisikilize, habibi. Wanawake nnaowashona mimi ni wengi, na wote wameolewa na mikono inayovunja. Siku utakayoliwekea alama lengo hilo, usinipigie tena."

"Nimekubali," alisema Talib.

Wiki tatu baadaye, Jumanne mchana, akaletwa zahanati mwanamme mnene mwenye kanzu ya nakshi, kofia imempotea, kigasha cha kulia kimevunjika pawili na mfupa umechomoza. Alikuwa akiuma meno na kutukana. Nassra aliichana mikono ya ile kanzu kwa mkasi. Ilinuka kitunguu thomu na pilipili mbichi, akadhani mtu kapigwa akiwa mezani.

"Jina lako, baba?"

"Nahodha."

Mkasi ulimponyoka. Akainama kuuokota, akakaa huko chini kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nani kakufanya hivi?"

"Talib, ndugu wa mtalaka wangu. Kanivizia na chuma. Lakini mimi nina ndugu wanne, watamuonesha."

Alimpiga sindano ya maumivu, akamkabidhi kwa daktari, akatoka ukumbini na simu.

"Talib. Lengo lako namba moja, umeshaliwekea alama?"

"Nassra, roho yangu, hilo usiniulize leo."

"Nnakuuliza."

"Siwezi kukujibu."

"Basi ushanijibu."

Akaifungia namba yake. Alilia kwenye stoo ya dawa, akanawa uso, akarudi kazini. Jumatano saa sita kasorobo ilipita kimya, na Alhamisi pia, na Nassra alijichukia kwa kuitazama saa.

Alhamisi baada ya alasiri, muuza kahawa wa Mkunazini, mzee Abdulrazak, aliingia zahanati akiwa amemshika mtu kwa mbavu pamoja na vijana wawili wa barazani. Nassra hakumtambua mtu yule kwa uso, kwa sababu uso haukuwepo. Jicho moja limefunga, mdomo umechanika mpaka kidevuni. Alimtambua kwa kovu la nyuzi tano kwenye vidole. Mkono huohuo sasa ulining'inia vibaya.

"Walikuwa wanne, na mipini ya mashoka," alisema mzee Abdulrazak, anahema. "Wamembana pale uchochoroni wakampiga kama wanatwanga. Na yeye, mwanangu, kafunga mikono nyuma. Kaanguka, kasimama, kapigwa tena, mikono nyuma vilevile. Mbavu nimezisikia mimi zikivunjika. Nimempigia kelele ajitetee, yule si mtu dhaifu. Unajua kanijibu nini? Kanambia, siwezi, mzee, leo nshaahirisha. Nafikiri kichwa kimepata tabu."

Nassra alisimama na pamba mkononi.

Leo ameahirisha. Lengo lililowekewa alama haliulizwi tena, mwenyewe alimwambia. Kama alfajiri ya leo aliulizwa, na akasema kesho, basi lengo lilikuwa bado halijatimizwa. Jumanne ilikuwa imeshapita, mkono wa Nahodha ulikuwa umeshavunjika, na Talib bado alikuwa akiahirisha. Hakuwa yeye. Nassra aliona haya mpaka masikio yakamuwaka, akaanza kumshona.

Alikuwa kwenye uzi wa nane pale mwanamke mmoja alipoingia mbio, kanga moja kichwani, nyingine kiunoni, kiatu mguu mmoja. Alipoushika mkono wa Nassra, viganja vyake vilinuka kitunguu thomu, kama ile kanzu ya Nahodha.

"Tahiya," alisema Nassra.

"Sema upande huu, wifi, huko sisikii." Aligeuza kichwa. "Mimi ndiye. Juzi, siku ya Jumanne, Nahodha kaja nyumbani, ati nirudi kwake. Nimemkatalia, kanikamata nywele kaniburura mumo humo jikoni, na mimi nilikuwa natwanga thomu. Mchi ulikuwa mkononi. Nimempiga nao mara mbili, na mara ya pili nimeusikia mfupa. Talib kafika akakuta nshamaliza. Akakaa sakafuni akalia. Wifi, hakulia kwa kunihurumia, alilia kwa wivu. Nimemuibia lengo lake."

"Kwa nini hukusema?"

"Kaniapisha nisiseme, polisi wasinichukue. Na Nahodha hawezi kusema kavunjwa na mwanamke, bora amsingizie mwanamme. Mimi kiapo nshakivunja. Natoka kwa sheha wa mtaa wetu sasa hivi. Nimemwambia mbele ya watu wote, na mchi nimempelekea."

Siku ya tatu Talib aliweza kukaa. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, mbavu zimefungwa, na jicho lililofunga limeanza kufunguka. Tahiya alimletea kompyuta, akakaa pembeni ya kitanda upande wa sikio lake zima.

"Niandikie wewe," Talib alimwambia Nassra. "Yangu mikono imekwisha."

"Niandike nini?"

"*Nia futa moja.*"

Aliandika. Kioo cheusi kikauliza: *Una hakika? n/h.* Nassra akakisogeza kwa Talib.

"Hili silibonyezi mimi, habibi."

"Nahodha angali mzima," alisema Talib.

"Mzima, na mji wote unajua nani kamvunja."

"Nilitaka niwe mimi."

"Najua. Mimi nilikuacha kwa hilo ambalo hukulifanya, na nakuomba radhi. Lakini sitaki kuishi nyumba moja na kesho yako hii."

Kidole cha mkono wa kushoto kilikwenda kwenye n ya ndiyo, kikakaa, kikabonyeza. Orodha ikapanda mstari mmoja, na *Mpigie Nassra kabla ya adhuhuri* ikawa namba moja. Talib alilia tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumpiga.

"Ongeza jengine," alisema alipopata sauti. "Andika: *Peleka posa kwa kina Nassra.*"

Aliandika polepole, herufi moja moja. Kompyuta ikauliza kama kawaida yake: *Leo, au kesho?*

Talib alikuwa bado anafungua mdomo wake ulioshonwa. Nassra akaandika *leo*, na Tahiya alikuwa keshasimama, anafunga kanga aende kwa wazee.